Sura ya Sita: Kushona Kilichofukuliwa

Swali hili huulizwa karibu kila mara mfarishi wa sanaa unapotundikwa mbele ya watu: "Kushona najua, na habari za wazee wangu nazipenda, lakini mambo ya kale sikuyasomea. Nianzie wapi?" Wengine huuliza kwa woga zaidi. Je, mtu wa kawaida ana ruhusa ya kuchukua magofu na vyungu vya mababu akavigeuza kuwa kazi ya sindano?

Ruhusa anayo. Na pa kuanzia ni padogo kuliko watu wanavyodhani: kitu kimoja kilichotoka ardhini, katika mahali pamoja panapojulikana. Kazi ngumu huja baadaye, nayo ni kujizuia usishone zaidi ya kile kilichoonekana. Sura hii inahusu mambo hayo mawili, na kwa mfano tutakwenda Shanga, katika kisiwa cha Pate.

Mfarishi wa sanaa ni kitu gani?

Mfarishi ni tandiko la matabaka matatu: kitambaa cha juu, kitu laini katikati, na kitambaa cha chini, vyote vikashikwa pamoja kwa mishono inayopenya toka juu hadi chini. Kwa kawaida hutandikwa kitandani. Ukiitwa wa sanaa, maana yake umeshonwa ili utazamwe. Unatundikwa ukutani na una jambo unalolisimulia.

Kuna wanaodhani kwamba sanaa hii ni ya Wazungu na sisi tunaiazima. Si kweli. Huko Georgia, Marekani, mwaka 1837 alizaliwa Harriet Powers, mtumwa aliyekuja kupata uhuru baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alishona hadithi za Biblia kwa vipande vya nguo alivyovikata katika maumbo ya watu, wanyama na nyota. Mfarishi wake mmoja ulionyeshwa mwaka 1886, na miaka michache baadaye shida ilimlazimisha auuze kwa dola 5. Leo umo katika makumbusho ya taifa ya historia ya Marekani, Smithsonian, na mwenzake upo Boston.

Karibu nasi zaidi wako Wasidi wa Karnataka, India, watu wenye asili ya Afrika ambao wengi wa wazee wao walivushwa Bahari ya Hindi kutoka pwani ya mashariki ya bara letu. Wanawake wa Kisidi hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa nguo zilizochakaa. Huanzia pembeni, wakazunguka ukingo wote, kisha wakaingia ndani mzunguko kwa mzunguko mpaka wakutane katikati. Kwenye kila pembe hushonea kipande kilichokunjwa tabaka juu ya tabaka, wanachokiita ua, na mfarishi usio na maua hayo kwao ni kama uko uchi. Mwanamke wa pwani anayetia viraka shuka ya mtoto wake asijione mgeni katika kazi hii.

Kwa nini kitambaa?

Akiolojia ni elimu ya kuwajua watu wa zamani kwa kuchunguza vitu walivyoviacha ardhini. Elimu hiyo ina upungufu mmoja mkubwa katika pwani yetu: nguo huoza. Udongo wenye unyevu na chumvi haubakishi kanzu wala shuka. Wachimbaji hupata jiwe, chuma kilichokula kutu, mifupa, shanga, na vigae vya vyungu kwa maelfu, lakini kile kilichovaliwa na kutandikwa hakimo.

Hata hivyo nguo iliacha alama yake. Kilwa Kisiwani, Neville Chittick, aliyechimba huko kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, alipata vigae vilivyosuguliwa vikawa duara na kutobolewa katikati. Mtu alichukua kipande cha chungu kilichovunjika, akakichonga, akakipachika kwenye kijiti ili kiwe uzito wa kusokotea pamba. Pamba yenyewe imekwisha, kigae kimebaki. Ibn Battuta naye, aliyepita pwani hii mwaka 1331, aliandika kuhusu nguo zilizofumwa Mogadishu na kupelekwa hadi Misri. Watu hawa walikuwa wafumaji. Kwa hiyo unapowakumbuka kwa pamba na sindano, unawarudishia kitu chao ambacho ardhi ilikila.

Nalisema hili kwa sababu nimeona mifarishi mingi mizuri inayojaza matao ya mawe na bakuli za Kichina, na kigae cha kusokotea hakimo hata kimoja.

*Kwa ufupi: mfarishi wa sanaa ni tandiko la matabaka matatu linalotazamwa ukutani. Watu wenye asili ya Afrika wameushona Marekani na India. Pwani yetu ilikuwa na ufumaji wake, ingawa nguo zenyewe hazikudumu ardhini.*

Chagua mahali pamoja

Kosa linalowapata wengi wanaoanza ni kutaka kushona "historia ya Waswahili" yote kwa mara moja: msikiti wa Kilwa, nguzo ya Vasco da Gama ya Malindi, mlango wa Zanzibar, jahazi, mnazi. Matokeo yake huwa bango la watalii. Mahali pamoja panatosha, na Shanga panatosha kupita kiasi.

Shanga ni mji uliohamwa, ufukweni kusini mwa kisiwa cha Pate, katika visiwa vya Lamu. Watu waliishi hapo tangu karne ya 8 mpaka mwanzoni mwa karne ya 15. Katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimba ndani ya magofu ya msikiti mkuu wa mawe. Chini ya sakafu hakukuta mchanga mtupu. Alikuta misikiti mingine midogo iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine, na ile ya chini kabisa haikuwa ya mawe bali ya miti na udongo. Miti yenyewe ilikwisha kuoza zamani. Kilichobaki ni matundu ya nguzo, yaani madoa ya duara ya udongo mweusi yanayoonyesha kila mahali ambapo mti ulichimbiwa.

Madoa hayo yalikuwa na uzito mkubwa. Kwa muda mrefu iliandikwa kwamba miji yetu ya mawe ilianzishwa na wageni waliokuja kwa majahazi na ustaarabu wao mikononi. Shanga ilionyesha mwenendo mwingine. Kwanza palikuwa na kijiji cha miti na udongo, chenye wavuvi, wakulima na wahunzi, wakipikia vyungu vilevile vilivyotumika sehemu kubwa ya pwani na hata bara. Ndani ya kijiji hicho ukasimama msikiti mdogo. Baadaye, kadiri biashara ilivyokua, watu wakaanza kujenga kwa matumbawe yaliyotolewa baharini, ambayo huchongeka kwa urahisi yakiwa mabichi na kuwa magumu yakikauka. Jiwe lilikuja juu ya udongo, palepale, kwa watu walewale na watoto wao.

Wageni nao walikuwapo. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa vinasaba, yaani chembe za urithi zinazotoka kwa wazazi kwenda kwa watoto, uliofanyiwa mifupa ya watu wa miji kadhaa ya pwani waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800. Ulionyesha kwamba urithi wa upande wa mama ulikuwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa sana, na kwamba wanaume kutoka Asia, hasa Uajemi, walianza kuoa huku tangu karibu mwaka 1000. Masimulizi ya wazee kuhusu mababu wa Kishirazi hayakuwa ndoto, na bibi zetu weusi hawakuwa pembezoni mwa hadithi. Mfarishi wa Shanga una nafasi ya kuwaweka wote wawili, ila tabaka la chini ni la bibi.

Kutoka kigae hadi kiolezo

Sasa tafuta kile kitu kidogo. Macho ya wengi hukimbilia bakuli za Kichina, kwa kuwa zinang'aa. Lakini katika miji hii yote vigae vya vyungu vya hapahapa ndivyo vingi kuliko vya kutoka ng'ambo, tena kwa mbali. Vile vya zamani zaidi, vya karne ya 6 hadi ya 10 hivi, vina pambo linalojirudia: safu ya pembetatu zilizochorwa shingoni mwa chungu kwa kitu chenye ncha kabla udongo haujakauka, na ndani ya kila pembetatu mistari ya mshazari. Felix Chami, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliviita vyungu hivi kwa jina la pembetatu zake. Horton aliviita kwa jina la mto Tana. Vimeonekana kuanzia visiwa vya Lamu hadi Msumbiji, na hata Komoro. Na kwa kuwa sehemu nyingi za pwani ufinyanzi ni kazi ya wanawake hadi leo, ninapoitazama mistari ile huona mkono wa mwanamke aliyeketi chini akizungusha chungu.

Mshonaji atafurahi kujua kwamba pembetatu ni umbo rahisi kuliko yote kwa kazi ya viraka. Chukua karatasi yenye miraba, chora pambo kama linavyoonekana kwenye kigae, kisha likuze mpaka pembetatu moja iwe na kimo cha sentimita 6 au 7. Usiinyooshe mistari. Fundi wa chungu hakutumia rula, na mshono wako ukipinda kidogo pale alipopinda yeye, umemfuata vizuri.

Vigae vya kuchora vipo katika Makumbusho ya Lamu, Fort Jesus ya Mombasa, na Gede. Chora au piga picha pale panaporuhusiwa. Hapa lazima niseme kwa ukali: usiokote kigae gofuni, hata kidogo kama ukucha. Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, Tanzania ina sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964, na zote zinakataza. Ila sababu kubwa kuliko sheria ni hii: kigae kinasema jambo kwa sababu ya mahali kilipolala, chini ya nini na juu ya nini. Ukikitia mfukoni unabaki na kipande cha udongo, na yule atakayekuja kuchimba baadaye amepotewa na shahidi.

Vitambaa vyenye historia yao

Shanga inahitaji rangi tatu tu za msingi, na kila moja ina kitambaa kinachoijia chenyewe.

Nyeusi ni *kaniki*, ile nguo nyeusi au ya buluu iliyoiva ambayo bibi zetu waliivaa shambani. Hiyo ndiyo itakuwa matundu ya nguzo. Kahawia ya udongo ni kaki nyepesi, au pamba nyeupe uliyoipaka rangi mwenyewe kwa magome ya mkoko, ambayo hutoa wekundu wa kahawia. Nyeupe ya matumbawe ni *amerikani*, pamba isiyopaushwa iliyopewa jina hilo kwa sababu katika karne ya 19 ilifika Zanzibar kwa merikebu kutoka viwanda vya Marekani. Pamba nyingi ya Marekani siku zile ililimwa na watu kama wazazi wa Harriet Powers. Sijui kitambaa kingine chenye mzigo mkubwa hivyo kinachouzwa kwa bei nafuu hivyo.

Fua kila kitambaa kabla ya kukikata. Kaniki huchuja rangi, hivyo isuuze mpaka maji yatoke meupe. Amerikani ina wanga na hujikunja, hivyo ifue kwa maji ya moto. Kwa tabaka la katikati blanketi jepesi lililozeeka linafaa kuliko pamba ya godoro, ambayo hukusanyika mabonge. Kwa nyuma tumia kanga ya mtu wa familia. Kanga ina urefu wa mita moja na nusu hivi na upana wa zaidi ya mita moja, kwa hiyo mfarishi wa sentimita 120 kwa 90 unaenea vizuri, na jina la kanga likabaki likisomeka kwa nyuma.

Kukata kwenda chini

Njia inayoifaa Shanga kuliko zote ni ile ya kupanga vitambaa kimoja juu ya kingine na kukata cha juu ili cha chini kionekane. Wanawake wa Kiguna wa Panama wameifikisha mbali sana njia hii katika blauzi zao ziitwazo mola. Kwa kawaida mshonaji huongeza kipande juu ya kipande, hapa anaondoa. Unatoka kwenye jiwe, unashuka kwenye udongo, unaishia kwenye tundu la nguzo, kwa mpangilio uleule aliouona mchimbaji.

1. Panga vitambaa vitatu: kaniki chini, kahawia katikati, amerikani juu. Vishike kwa bandi, yaani mshono wa muda wa hatua ndefu, kwa mistari iliyoachana kiganja kimoja.
2. Kwa chaki ya fundi chora juu ya amerikani mstatili wa msikiti wa mawe, na kibla kikitokeza upande mmoja. Ndani yake chora mstatili mdogo zaidi: msikiti wa udongo.
3. Kata amerikani peke yake kuzunguka mstatili mdogo, ukiacha nusu sentimita ndani ya mstari. Shika kitambaa cha juu kwa vidole ukiinue kabla ya kuingiza ncha ya mkasi.
4. Kunja ile nusu sentimita kuingia chini kwa ncha ya sindano, ukishona mshono mdogo usioonekana. Pembeni chanja kidogo ili kikunjike.
5. Kwenye kahawia iliyofunuliwa, chora safu za duara za ukubwa wa shilingi kubwa. Zikate, zikunje, zishone. Weusi wa kaniki utatokea.

Hatua ya 5 ni ndefu na huchosha vidole. Usiharakishe, na usibandike duara nyeusi juu ya kahawia ili umalize upesi. Mtazamaji akisogea karibu ataona kama doa limo ndani ya kitambaa au limewekwa juu yake, na kazi nzima ya Shanga imesimama juu ya tofauti hiyo.

Baada ya hapo ndipo unatandika kanga, blanketi na kazi yako, na kuvishona pamoja. Pembetatu za vyungu ziingie wakati huu, kwenye eneo la kahawia: uzi wa kahawia juu ya kitambaa cha kahawia, kwa mkono. Mshono unaopenya matabaka yote hukizamisha kitambaa na kukiachia mfereji, na mfereji huo ni uleule aliouacha mfinyanzi kwa kijiti chake. Mwanga wa ubavuni ndio utakaoonyesha pambo.

Jambo moja la adabu. Mfarishi wenye umbo la msikiti haulaliwi wala haukanyagwi, hata ukiwa mezani unashonwa. Utafutie mahali pa juu tangu siku ya kwanza.

Kilichoonekana, kinachokisiwa, kisichojulikana

Tazama ramani yoyote ya wachimbaji. Ukuta uliopatikana huchorwa kwa mstari mzima. Ukuta ambao haukupatikana, ila mwelekeo wake unakisiwa kutokana na vipande vya pande mbili, huchorwa kwa mstari wa vidokezo. Pale ambapo hapakuchimbwa hapachorwi kitu.

Mshonaji ana mistari yote hiyo mkononi mwake tayari. Ukingo uliokunjwa na kushonwa sawasawa ni mstari mzima. Bandi, ambayo kwa kawaida hufumuliwa kazi ikiisha, ni mstari wa vidokezo, basi usiifumue. Iache kwa uzi mweupe unaoonekana, popote unapokisia ukuta wa miti ulipopita kati ya tundu na tundu. Na sehemu isiyojulikana iache bila mshono wowote zaidi ya ule wa kushikilia matabaka.

Hapa ndipo wengi hushindwa kuvumilia. Mahali peupe huwaudhi, wakaongeza mtepe, mnazi, mama na mtoto. Picha hizo zina uzuri wake, lakini zikiingia kwenye mfarishi huu mtazamaji hatajua tena lipi lilitoka ardhini na lipi lilitoka kichwani mwako. Ukitaka kuwaweka watu wa nyumbani kwako, wape fremu. Ukingo wa sentimita 10 kuzunguka kazi ni mahali halali pa vipande vya kanzu ya babu, kikoi cha baba, leso ya shangazi. Kwa njia ya Kisidi, tia maua kwenye pembe nne.

*Kwa ufupi: mshono mzima ni kilichoonekana, bandi ni makisio, patupu ni pasipojulikana. Familia yako iweke kwenye fremu.*

Kuutundika na kuuandika

Nyuma, upande wa juu, shonea mfuko mrefu wa kitambaa wenye upana wa sentimita 10 ili upitishe ufito. Misumari na pini huchana. Uweke mbali na jua la dirishani, kwa sababu kaniki hupauka haraka. Ukiuhifadhi, uviringishe badala ya kuukunja, uweke na karafuu chache kwa ajili ya nondo, na katika miji ya pwani uutoe upate hewa kila baada ya masika.

Mwisho shonea lebo nyuma, kwenye kanga. Iandike kwa uzi, kwa kuwa wino wa kalamu hufifia kabla ya nguo. Iseme mahali, nani ameshona na lini, kigae kilichorwa katika makumbusho gani, na mistari ina maana gani. Kwa mfarishi wetu inaweza kuwa hivi:

*Msikiti wa Shanga, kisiwa cha Pate. Nyeupe ni matumbawe, kahawia ni udongo, nyeusi ni matundu ya nguzo. Pembetatu zimechorwa kutoka kwenye kigae kilichomo makumbushoni Lamu. Mpangilio wa matundu ni wa mshonaji. Bandi ni makisio. Fremu ni nguo za nyumbani.*